Ubeti Mmoja Tu

Jina la ndugu yangu silitaji. Waliokuwa na redio miaka ile, kuanzia Bungoma mpaka mji wa Kwanza, watamjua kabla sijafika katikati, na wasiomjua waniamini tu kwamba alikuwa mtu wa kusimamisha soko. Nilikuwa nashona nguo katika kibanda changu mjini Kitale. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na muuza kanda aliyepiga nyimbo zake asubuhi, mchana na jioni, hasa ule wimbo wa bibi harusi anayekimbia akiwa amevaa kiatu kimoja. Wateja wangu waliucheza nguo zikiwa nusu mwilini na pini zikiwachoma, nami nawaambia watulie, la sivyo watavaa sketi yenye upande mmoja mrefu. Sikuwaambia kwamba mwimbaji mwenyewe amelala nyumbani kwangu, nyuma ya pazia, na ametapika uji niliompa asubuhi.

Alikuja kwangu kwa sababu hakuwa na pengine. Mke wake alikuwa amerudi kwao Kwanza na watoto wote watatu. Mchana mmoja ndugu yangu alisinzia na msokoto wa bangi mkononi, godoro likashika moto, na mtoto wao wa mwisho alikuwa amelala kwenye godoro lilelile. Mtoto alipona, ila nywele ziliungua upande mmoja. Mama yake hakupiga kelele. Alipanga nguo zao, akapitia kibandani kwangu, akasimama mlangoni akiwa amembeba yule mtoto, kichwa kimefungwa kitambaa.

"Mulamwa," akaniambia, maana ndivyo mawifi huitana kwetu, "mimi sijagombana na mtu. Akikaa bila kuguza hiyo vitu mpaka mahindi ivunwe, nitarudi na watoto. Akiguza, msinitumie wazee. Hata wewe usikuje."

"Na ukisikia ati ameguza, na si kweli?"

"Nitakuja nijionee. Huyo mtu mimi namjua."

Basi jambo likawekwa hivyo. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanachungulia kutoka ardhini, na mimi nikaanza kuyatazama kwa hofu, kila shamba nililopita, kana kwamba yote ni yangu.

Watu wakisikia mwanamuziki ameharibika husema ni wanawake, ni marafiki wabaya, ni jina kubwa limempanda kichwani. Wanapenda jibu jepesi. Mimi siku yenyewe naijua. Ilikuwa Jumapili baada ya Krismasi, mchana, anaimba Bungoma katika ukumbi mmoja uliojaa mpaka madirishani. Nyumbani Naitiri mama yetu, aliyekuwa na shinikizo la damu, alianguka jikoni akafa. Simu ikapigwa kwa mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi akaisikiliza, akaizima, akaitia mfukoni, akawaambia wapiga vyombo wafunge midomo yao, maana nusu ya nyimbo zilikuwa bado na watu wangevunja viti.

Sasa, ule wimbo wa kiatu una mahali ambapo gitaa linazunguka peke yake na mwimbaji anasalimu watu. Wanamuziki wetu wote hufanya hivyo. Ndugu yangu akashika maikrofoni, akamsalimu mama yake aliyeko Naitiri, akamwambia abandike maji ya ugali, mwanawe yuko njiani. Ukumbi mzima ukashangilia. Wapiga vyombo, waliojua, waliendelea kupiga wakitazama chini. Aliposhuka ndipo akaambiwa. Aliuliza mama alikata roho saa ngapi, na walipomjibu, alitazama juu kidogo, akizipanga nyimbo zake moja baada ya nyingine kichwani. "Nilikuwa naimba ile ya kiatu," akasema. Hakulia. Hata matangani hakulia. Waombolezaji walimwomba awaimbie, na akawaimbia.

Toka siku hiyo hakuweza kupanda jukwaani akiwa mkavu. Na kwetu kumpata wa kumnywesha mwimbaji si kazi. Mwimbaji haambiwi asante kwa mdomo; hutiliwa. Mtu ametembea kutoka mbali kuja kukusikia, anakuletea glasi ya chang'aa kwa mikono miwili, ukiikataa umemtukana yeye na ukoo wake. Alizipokea zote. Ikaja bangi, ili atulie. Vikaja vidonge vya kumlaza, kutoka duka la dawa lililo karibu na steji ya matatu, ambalo halikuuliza karatasi ya daktari. Vikaja na vingine vya kumwamsha. Hata leo nikimsikia mtu akisema kwa fahari, "Yule jamaa mimi nilimnunulia ngapi sijui," namkata jicho mpaka anauliza nimekosewa nini.

Aliyemtoa huko alikuwa mchungaji wa kanisa moja la mabati nyuma ya posho meli, kile kinu cha kusagia mahindi. Jirani yangu muuza mboga ndiye aliyemleta. Lilikuwa pande la mtu, zamani dereva wa lori, mwenye sauti ya kuita abiria. Nitamsema vibaya baadaye, kwa hiyo haki yake niitoe mapema: siku zile mbaya, ndugu yangu alipokuwa akiona siafu ukutani wasiokuwepo na kutapika mpaka nyongo, mchungaji yule alikaa naye sakafuni. Alimfuta matapishi kwa mikono yake. Alimkumbatia akitetemeka, na alipotukanwa matusi ya nguoni alijibu, "Amina, ndugu, sema yote itoke." Mimi nilikuwa nimechoka, nimekasirika, nimejaa aibu ya majirani. Yule mtu alikuja kila siku.

Ndugu yangu akatulia. Akaanza kula. Akanisaidia kukunja pindo za suruali, vidole vile vya gitaa vikaonekana vinafaa kwa sindano. Mahindi yakafika magotini.

Wasioyajua makanisa yetu niwaeleze. Mtu akiokoka hanyamazi. Anasimama mbele, anasema "Bwana asifiwe," watu wanajibu "Amina," anasema "Na tena Bwana asifiwe," kisha anaeleza alikotolewa. Huo ndio ushuhuda. Mara ya kwanza ndugu yangu alisimama akiwa ameshika pembe ya meza. Akasema alikuwa mlevi, aliunguza nywele za mtoto wake, Mungu amemhurumia, basi. Akaketi. Wanawake walilia. Mimi nililia mpaka leso ikawa ya kukamua, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kanisani.

Jumapili iliyofuata wakamwita tena, maana kulikuwa na wageni. Na iliyofuata, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba yule wa redio ameokoka. Benchi zikajaa, wengine wakasimama nje. Na ndugu yangu, Mungu alivyomuumba, hawezi kusimama mbele ya watu akawaacha kama alivyowakuta. Ushuhuda ukaanza kuota mabawa. Akaongeza siku alipomwimbia ng'ombe wa jirani mpaka kukapambazuka akidhani ni mashabiki, na ng'ombe akaondoka katikati ya wimbo. Kanisa likacheka mpaka watoto wakaamka. Akaongeza jinsi mtu anavyoijua chang'aa nzuri: unachovya kijiti cha kiberiti, unawasha, ukiona moto wa buluu uliotulia hiyo ni safi, inashuka kooni kama jina la mtu unayempenda. Alisema hivyo hasa, madhabahuni. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Huyu anajua kusema, bana."

Ikawa sasa wanaagiza. "Ndugu, tushuhudie ile ya ng'ombe!" Nami mwanzoni nilicheka kama wote. Kisha Jumapili moja niliketi benchi la mbele, pembeni, nikaona koo lake.

Mama yetu alipokatazwa chumvi, alikuwa akikaa jikoni akitusimulia supu za kuku alizokunywa akiwa msichana, na koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, hali kikombe kilicho mbele yake kina maji matupu. Ndugu yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo. Alipofika kwenye moto wa buluu, alimeza. Alipofika kwenye glasi ya kwanza ya asubuhi, ile inayotuliza mikono, alinyamaza kidogo, watu wakadhani ni ufundi, naye akameza. Kicheko changu kikakatika. Niliogopa nikiwa ndani ya nyumba ya Mungu, katikati ya watu wanaopiga makofi.

Nilimwendea mchungaji ibada ilipokwisha. Alikuwa akikunja nyaya za spika.

"Mchungaji, huyu mtu anakunywa pale mbele."

Akashtuka. "Anakunywa? Amekunywa lini?"

"Leo. Na wiki jana. Mwangalie koo akisimulia."

"Aah, dada." Akacheka kwa upole, akaniwekea mkono begani. "Hiyo ni kusema tu. Shetani huaibika tukimtaja hadharani. Ushuhuda ndio silaha yetu."

"Mtu ameacha sukari. Kila Jumapili unamweka aonjee watu chai."

"Wewe unaona watu wangapi wameokoka kwa sababu yake? Wanaume watano wameacha pombe. Watano, dada! Nimwambie anyamaze?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniziba mdomo. Wale wanaume niliwajua. Mmoja wao alikuwa akimpiga mke wake mpaka tunakimbilia mlango, na sasa alikuwa akimbebea maji.

Nyumbani nilimkabili mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, ananikunjia pindo, anapiga mluzi kidogo.

"Wakikuita tena, kataa," nikamwambia.

Akaiweka sindano chini. "Dada, pombe nimeacha. Bangi nimeacha. Ile vidonge nimeacha. Sasa unataka niache na watu?"

"Watu hawaishi humu. Mke wako ndiye anakuja. Wewe ngojea mke wako."

"Wakipiga makofi mimi husikia vizuri, kichwa inakuwa kimya. Wakinyamaza nasikia hiyo simu."

"Simu gani?"

"Ya mwenye ukumbi. Siku hiyo sikuisikia ikilia. Sasa ndio naisikia."

Nilitaka kumshika, na sikumshika. Kwetu ndugu wa kiume ukimshika hivyo mchana kweupe anadhani kuna msiba. Nikachukua ile suruali, nikaona pindo amelikunja sawasawa, nikampa nyingine.

Mahindi yalipoanza kukauka mashambani, mchungaji alipanga krusedi, mkutano wa injili wa hadharani, mjini Bungoma. Uwanja ulikuwa karibu na soko, na ukisimama jukwaani unaona paa la ule ukumbi. Nilimwambia mchungaji hilo pia. Akasema ndiyo maana, ni vizuri Mungu atukuzwe palepale adui alipojisifu. Na neno lilikuwa limefika kutoka Kwanza kwamba mke wa ndugu yangu atakuja siku hiyo na watoto, ajionee. Ndugu yangu alipiga pasi shati lake mwenyewe. Njia nzima, juu ya pikapu ya kanisa kati ya spika na viti, alikuwa mtu mwenye furaha, akiniuliza kama yule mdogo nywele zimeota.

Sijawahi kuona watu wengi vile. Waendesha baiskeli walikuwa wameegesha baiskeli zao wakapanda juu ya viti vya abiria ili waone. Wenye maduka walisimama milangoni. Bibi mmoja kizee alinivuta gauni akaniuliza, "Huyu ndiye ule wa ledio?" Nikasema ndiye. "Kumbe ni mwembamba hivi," akasema, kama mtu aliyepunjwa.

Wifi yangu alinikuta hapo, chini ya jukwaa, upande wa kulia. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta wanang'aa. Yule mdogo nywele zilikuwa zimeota zote, nikampapasa kichwa. Hatukusalimiana kwa maneno mengi. Begi lake la nguo alikuwa nalo. Niliona lile begi, nikapata tumaini, maana mtu anayekuja kutazama tu habebi begi.

Ndugu yangu akashuhudia. Ng'ombe, moto wa buluu, yote. Watu wakaanguka kwa kicheko. Alimaliza vizuri, akawaomba walevi waje mbele, wakaanza kuja. Ingeishia hapo ingekuwa imeisha. Lakini vijana wa pale nyuma walianza, "Niaje mzae! Tupigie ile ya kiatu!" na sauti nyingine zikadakia, "Ya kiatu! Ya kiatu!" mpaka uwanja wote ukawa unapiga makofi kwa mdundo wake. Mchungaji aliinua mikono kuwatuliza, wasitulie. Ndipo uso wake ukang'aa, nami nikajua amepata wazo.

Akasema kwenye maikrofoni, "Ubeti mmoja tu, ndugu. Uwaonyeshe ulivyokuwa ukiimba gizani, waone Mungu amekutoa wapi. Ubeti mmoja tu!"

Ndugu yangu akanitafuta kwa macho. Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kichwa kwa nguvu zote mpaka kilemba kikalegea. Akanitazama, kisha akawatazama wale watu, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kupokea gitaa la kwaya.

Aliimba ubeti wa kwanza, akipepesuka kwa kuigiza. Watu wakaufuata neno kwa neno. Hakuna aliyemsimamisha, akaingia wa pili. Mchungaji mwenyewe mabega yalikuwa yanacheza. Sauti ya ndugu yangu ilitoka kama zamani, ile yenye mkwaruzo kidogo, na nitasema ukweli wangu: ilikuwa nzuri, nywele zilinisimama, niliipenda na niliichukia kwa wakati mmoja. Akafika mahali gitaa linapozunguka peke yake na mwimbaji anasalimu watu.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Vidole viliendelea kuzungusha gitaa, mzunguko baada ya mzunguko, naye amesimama anatazama lile paa, koo likipanda na kushuka. Watu walidhani bado anaigiza ulevi. Wakacheka, wakapiga miluzi.

"Mulamwa," wifi yangu akasema kando yangu, polepole. "Huyo hajaacha."

Nikamshika mkono. "Hajaguza! Mimi nakaa na yeye. Naapa kwa mama, hajaguza hata tone."

"Najua hajaguza. Sijasema ameguza. Imebaki kuonja tu." Akamshika yule mdogo, akaweka begi begani. "Si unaona mwenyewe?"

Nilikuwa naona. Koo lilikuwa pale juu mbele ya Bungoma nzima. Aliondoka akipita katikati ya watu, watoto wakimfuata mmoja nyuma ya mwingine, yule mdogo akigeuka kumtazama baba yake. Zamani ndugu yangu aliwahi kuniambia kwamba mtu akiwa jukwaani, hata wacheze elfu, mmoja akiondoka macho yanamfuata yule mmoja. Nilipotazama juu alikuwa anawafuata kwa macho. Gitaa likanyamaza. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

Aliposhuka watu walimzoa. Kila mtu alitaka kumshika mkono, nami nilisukuma kwa viwiko, nikatukana mbele ya kwaya, sikumfikia. Jua lilikuwa bado juu tulipompata, mimi na mchungaji, nyuma ya reli, kwenye ua wa mama mmoja mpishi wa chang'aa. Aliketi katikati ya wanaume wenye furaha tele. Kila mmoja alikuwa amemletea glasi kwa mikono miwili. Alikuwa amezipokea zote. Mmoja wao alisimama akanipisha kwa heshima.

"Karibu, mama. Tumempokea kijana wetu nyumbani."

Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba sikuona hata mtu mmoja mbaya wa kumpiga kofi. Mchungaji alipiga magoti kwenye matope ya ule ua, na suti yake, akamshika ndugu yangu miguu. Ndugu yangu alimtazama kama mtu asiyemjua.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Alirudia vidonge pia. Wiki moja alilazwa hospitalini Kitale, mkono umefungwa kitandani kwa kitambaa ili asing'oe mpira wa dripu. Alipotoka, Jumapili, alikwenda kanisani peke yake. Mimi nilifika nimechelewa, nikamkuta benchi la nyuma, vifungo vya shati vimepishana, harufu inamtangulia. Wakati wa ushuhuda ulipofika, aliinua mkono. Macho ya mchungaji yalimpita juu. Akainua tena. Wale kina mama waliokuwa wakiagiza ng'ombe walikuwa wamesogea mpaka mwisho wa benchi, mmoja amejiziba pua kwa kitambaa. Walizipenda hadithi za mlevi. Mlevi mwenyewe hawakumtaka. Nilimshika ndugu yangu mkono, tukatoka, na mlangoni niligeuka nikawatazama kwa chuki isiyofaa mahali pale.

Baadaye mchungaji alinijia kibandani. Nilikuwa nakata kitambaa. Alizunguka maneno kwanza, mvua, bei ya mbolea. Kisha akasema ameomba, ameona kwamba ndugu yangu akisimama tena, ushuhuda wa kuanguka na kuinuka ungewagusa wengi zaidi.

Sikumbuki nilichosema. Jirani yangu wa mboga anasema nilitoka na mkasi mkononi, tepu shingoni, mchungaji akirudi kinyumenyume barabarani akisema "Dada, dada, kwa amani," na muuza kanda akazima redio ili asikie vizuri. Kitale walicheka wiki nzima. Siku ya pili akarudi. Safari hii hakuwa na Biblia. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kile alichokuwa akikalia ndugu yangu, akaweka mikono mapajani.

"Nilidhani nasaidia," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi pia niliwapenda hao watu wakija."

Nilimwekea chai.

Ndugu yangu ndiye aliyetaka kwenda Naitiri. "Nipeleke kwa mama," alisema, ingawa pale kwa mama palikuwa na nyumba iliyofungwa, kaburi, na shamba lililojaa magugu. Mchungaji alitupeleka kwa ile pikapu, akabeba godoro kichwani mpaka ndani, akaondoka bila kuomba sala ndefu. Redio hatukupeleka. Gitaa lilibaki chini ya kitanda changu, limefungwa kwenye mabaki ya kitambaa.

Sisemi alipona. Alianguka tena huko, zaidi ya mara moja, na majirani walinipigia simu. Lakini Naitiri watu wana kazi, na mtu anayelima kando yako hana muda wa kukushangilia. Mpita njia akisimama kwenye ua na kuuliza, "Si wewe ndiye yule wa kiatu?" ndugu yangu alimjibu, "Huyo alikuwa mwingine," akaendelea kupalilia. Watoto wake walianza kuja likizo za shule. Mama yao huwaleta mpaka langoni, anazungumza na ndugu yangu kidogo, yeye akiwa upande wa nje, kisha anarudi Kwanza. Nimemuuliza mara moja kama atawahi kuingia. Akaniambia nimwache atazame mwenyewe, na nikamwacha.

Mwaka mmoja, wakati wa palizi ya mwisho, nilikwenda kumwona ndugu yangu bila kumwarifu. Nilipita njia ya nyuma, kupitia shambani, nimebeba kikapu cha sukari na sabuni. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo. Nilisikia jembe kwanza. Kisha nikasikia sauti.

Alikuwa anaimba ule wimbo, polepole sana, kama unavyombembeleza mtoto. Ubeti mmoja. Akafika mahali pa salamu. Jembe likasimama. Nami nikasimama. Hakukuwa na gitaa la kuzunguka, kulikuwa na mahindi tu na upepo kidogo. Nikamsikia akimsalimu mama, kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia shamba la chini amelimaliza, amebakisha hili, na maji ya ugali asiweke sasa. Halafu nikamsikia analia. Alilia kilio chote ambacho hakulia matangani. Alipomaliza, jembe likaanza tena, na wimbo ukaendelea kutoka pale ulipokatikia.

Mikono yangu ilikuwa imeshainuka. Mimi ni dada yake, nilimfundisha kutembea, nilikuwa shabiki wake kabla ya Bungoma nzima, na nilitaka kumpigia makofi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikaishusha mikono. Nikarudi kinyumenyume, nikichunga majani yasivunjike, nikazunguka kwa njia kubwa mpaka mbele ya nyumba ya mama, nikaketi kizingitini nimeupa mgongo upande wa shamba.

Alitokea baada ya muda, jembe begani, uso ameunawa.

"Dada! Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," nikamwambia. "Hata sijakaa."

Akanitazama kidogo, akachukua kikapu, akaingia ndani kubandika maji ya ugali.